Kitundu cha Gobore la Sounhadj

Ayouba alikuwa sonara. Kwao ni Mutsamudu, kisiwani Nzwani, lakini tangu ujana alikaa Moroni, katika nyumba ya mkewe Ramlati kwenye vichochoro vya Badjanani, na watu wa mtaa walikuwa wamekwisha sahau kwamba alitoka kisiwa kingine. Mwaka wa tisini na tisa walikumbushwa. Nzwani ilikuwa imetangaza kujitenga na visiwa vingine, mazungumzo ya kuirudisha yakavunjika, na vijana wa Moroni wakaingia mitaani kuwasaka Wanzwani. Walipofika kwake, Ramlati alisimama mlangoni akawaambia kuwa nyumba ile ni ya mama yake na hakuna atakayevuka kizingiti chake. Hawakuingia. Hata hivyo asubuhi iliyofuata alimfungia mumewe vifaa vya kazi ndani ya leso, akamsindikiza bandarini mwenyewe, akiwa amemshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

Ayouba alipokewa na dada yake Charifa, aliyeolewa Patsy, kijiji cha juu ya Mutsamudu. Charifa alilia kwa furaha. Mumewe, Sounhadj, alimpa mkono tu.

"Umekaa kwao miaka yote," alimwambia. "Umekuja kwetu walipokufukuza."

Ayouba aliweka chini leso yake ya vifaa, akavua viatu.

Sounhadj alikuwa mwindaji. Alikuwa na gobore la babu yake, bunduki ndefu ya kushindilia baruti mdomoni kwa mdeki, ule ufito wake wa chuma, na kwa hilo aliwinda mbuzi walioasi mazizi zamani wakawa wa mwitu kwenye miteremko ya juu ya kijiji. Risasi yake ilikuwa moja kila mara, wala hakuna aliyemjua kwa kurudia. Lakini mwaka ule alikuwa akirudi mikono mitupu. Aliilaumu baruti kwamba ni mbovu. Aliwalaumu mbuzi kwamba wamekuwa wajanja. Charifa alipika muhogo na hakuuliza.

Siku moja Ayouba alifuatana naye. Walimkuta beberu amesimama juu ya jiwe, ng'ambo ya korongo. Sounhadj alipiga magoti, akalenga, akashusha bunduki, akapangusa macho, akalenga tena. Mlio ulipokwisha beberu hakuwepo, na vumbi lilikuwa limeruka mbali na pale aliposimama.

"Shemeji," Ayouba alisema taratibu, "lile pengo la nyuma, la kulengea, unalionaje?"

"Naliona."

"Lina kingo?"

Sounhadj aliilaza bunduki magotini. "Lina ukungu," alisema mwishowe. "Nikilitazama lenyewe, mbuzi anapotea. Nikimtazama mbuzi, lenyewe linapotea."

"Hata mimi sioni tena kito kilicho karibu na pua," Ayouba alisema. "Ndiyo miaka hiyo. Kunja ngumi, uache katundu kadogo katikati, uchungulie."

Sounhadj alimtazama kama mtu anayedhani anataniwa, kisha akafanya hivyo. Akaona jiwe la ng'ambo, na ufa wake, na nyasi zilizoota ndani ya ufa. Alikaa na ile ngumi jichoni muda mrefu.

Kazi ilianza siku hiyo hiyo barazani. Ayouba alikata kibamba cha shaba, kipande chembamba, akakitoboa kwa keke yake ya vito tundu dogo mno, akakisugua kiking'ae, maana ndivyo alivyozoea. Akakifunga kwa skurubu nyuma kabisa ya mtutu, karibu na jicho la mpigaji, mahali penye tundu la skurubu tangu zamani.

Sounhadj alilenga jua likiwa wazi, akageuza uso. "Kinanichoma jicho. Hiki si kipuli, fundi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita fundi. Ayouba akakipitisha juu ya moshi wa kibatari mpaka kikawa cheusi. Barazani kikafaa, lakini chini ya miti hakikufaa: tundu lilikuwa dogo, na mwanga wa msituni mchache, Sounhadj akaona giza tupu. Ayouba akatoboa kingine, kipana zaidi, halafu kingine. Alikuwa akivijaribu kimoja kimoja kivulini, na Sounhadj akisema "hapana" au "karibu". Kile walichokichagua kilikuwa na tundu la kupitisha punje ya mchele.

"Kwa tundu kubwa hivi nitajuaje katikati yake?" Sounhadj aliuliza.

"Usilitazame tundu. Tazama kupitia. Weka ncha ya mbele juu ya unachokitaka, jicho litakwenda katikati lenyewe."

Risasi ya kwanza ilipita juu, kwa kuwa kibamba kilisimama juu kuliko lile pengo la zamani. Ayouba akatengeneza kingine chenye tundu chini zaidi. Ya pili ikaenda kushoto. Akakisogeza kibamba kulia kidogo kwa tupa na nyundo. Ya tatu ikapasua dafu waliloliweka juu ya ukuta wa shamba, na maji yake yakatiririka ukutani. Sounhadj alikwenda kuligusa.

Juma lile alimwangusha mbuzi ng'ambo ya korongo. Kijiji kizima kilikula mchuzi, wakati ambapo vyombo vilikuwa vimezuiwa kuja na bandarini hapakuwa na nyama ya kununua. Na Sounhadj, kwa furaha, akafanya kosa. Baada ya sala ya Ijumaa alisema mbele ya watu, "Shemeji yangu amenirudishia macho. Angekuwa na shaba ya kutosha angewarudishia wazee wote wa Patsy."

Maneno hayo yaliteremka hadi Mutsamudu. Huko vijana wenye silaha walikuwa wamegawanyika makundi, na kila kundi lilijiita wenye nchi. Baada ya siku chache gari lilipanda mpaka Patsy, likateremsha watu watano. Kiongozi wao aliitwa Combo, kijana aliyekuwa mchukuzi bandarini kabla ya mambo kuharibika. Alisalimia kwa adabu.

"Shikamoo, bakoko," alimwambia Sounhadj, kama wanavyoitwa wazee. "Tunamtaka fundi. Tunazo bunduki za kuwindia na magobore mengi, na watu wetu hawana shabaha. Atakaa nasi mjini mpaka amalize."

Ayouba alikuwa amesimama mlangoni. Alijua kazi ile si ya mbuzi. Mbele ya vitundu vile wangesimama vijana wa Mutsamudu wa kundi jingine, na siku jeshi la Moroni litakapokuja, wangesimama ndugu za Ramlati. Akafungua kinywa kukataa, ingawa watu wa namna ile hawakukataliwa.

Sounhadj alimtangulia. "Msichukue kitu kabla ya kukiona," alisema. "Nitawaonyesha."

Akashindilia baruti, akatia risasi, akaweka fataki ya kuiwashia. Combo akatundika dafu kwenye tawi, karibu kuliko lile la ukutani. Watu wa kijiji walikuwa wamekwisha kusanyika. Sounhadj akapiga magoti, akalenga, bila kushusha, bila kupangusa macho. Mlio ukasikika na dafu likabaki linaning'inia.

Akashindilia tena. Safari hii risasi ilipiga shina la mti mwingine kabisa. Mtu mmoja alicheka, kisha wengi.

"Na yule mbuzi?" Combo aliuliza.

"Mbuzi alikuwa karibu. Nilimsifu shemeji kwa sababu ni mgeni, amefukuzwa, ana huzuni. Yeye ni sonara, anajua vipuli." Sounhadj aliegemeza bunduki ukutani. "Ukitaka kuniapisha, naapa: wallahi, leo kwa bunduki hii sitapata kitu mbele yako."

Combo alimtazama, akamtazama Ayouba, akatazama dafu. "Mzee macho yamekwisha," aliwaambia wenzake, si kwa ubaya. Wakapanda gari, wakaondoka.

Charifa aliwaka. "Umemwaibisha ndugu yangu mbele ya watu. Mikono yake ndiyo riziki yake, nawe unasema—"

"Charifa," Ayouba alisema. "Acha, dada. Hakuniaibisha mimi."

Charifa akamgeukia mumewe, na alipouona uso wake alielewa. Akaketi.

"Nilipiga magoti mbele ya wale watoto," Sounhadj alisema, "na dafu nililiona, Ayouba. Niliona mpaka kikonyo chake. Ilikuwa kazi ngumu kulikosa."

"Najua, shemeji."

"Hujui. Lakini si kitu."

Tangu siku hiyo Patsy ilimhesabu Sounhadj miongoni mwa wazee wasiofaa kushika bunduki. Wengine walimshauri aiuze. Aliwajibu "Inshallah", na alfajiri alipitia njia za nyuma na shemeji yake, na nyama iliyoletwa hakuna aliyeambiwa imepatikanaje. Alikuwa mtu wa kupenda sifa, na Ayouba aliona jinsi alivyoinama wenzake walipozungumza uwindaji barazani. Mara mbili alitaka kuwaambia ukweli. Mara zote mbili Sounhadj alimkanyaga mguu.

Makubaliano kati ya Nzwani na Moroni yalipopatikana na vyombo vikaanza kupita tena, Ayouba alirudi Moroni. Majirani wengine walimkumbatia, wengine waliangalia kando. Mwaka uliofuata jicho la kulia la Sounhadj liliingiwa na mtoto wa jicho, ukungu ambao hakuna kitundu cha kuuondoa, na daktari wa kulitibu alikuwa Moroni. Alikataa kwenda. Alisema hawezi kupita Badjanani akiwa Mnzwani, nusu kipofu, aonwe na watu waliomfukuza ndugu yake.

Ramlati ndiye aliyevuka kwenda kumchukua. Waliposhuka bandarini Moroni alimshika mkono, wakapita vichochoroni polepole, na kila mlango uliofunguliwa alisimama.

"Huyu ni shemeji yangu," aliwaambia. "Msalimieni."

Na wakamsalimia, mlango kwa mlango, mpaka nyumbani.