Misumari, Betri na Gauni la Mama

Benedikta alikuwa mbishi, na Bariadi nzima iliujua ubishi wake. Basi sikia. Ilikuwa Januari, miaka ile ya ruksa, maduka yaliyozoea rafu tupu yamejaa sabuni za kila rangi na mitumba imemwagwa sokoni hadi barabarani. Jumamosi mdogo wake, Monika, alikuwa afunge ndoa. Alhamisi asubuhi Benedikta akatoa sandukuni gauni jeupe la pamba, alilolishona marehemu mama yao kwa mkono wake akaolewa nalo, akalianika lipate hewa. Akalianika wapi? Chini ya mzambarau! Upepo ukavuma, zambarau zikapukutika, kifua chote cha gauni kikawa madoa.

Mama alifariki Monika hajaota hata jino. Benedikta ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea. Kitu cha mama kilichobaki duniani kilikuwa gauni hilo tu, kwa hiyo alipoyaona madoa alikaa chini akalia. Kisha akajifuta, akainuka.

Sabuni ilishindwa. Jua nalo likashindwa. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ilikuwepo Mwanza, lakini basi lilikuwa limenasa kwenye tope. Mama yao mdogo, Nyanjige, akaja kuona kulikoni, akawakuta Benedikta na Monika uani.

"Mwangaluka, mayu," Benedikta akamwamkia mama yake mdogo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Sasa mnalilia nini, wanangu? Sokoni kuna gauni la mtumba lina vito mpaka mgongoni. Siku hizi vitu vyote vipo!"

"Vipo, mayu. Lakini hilo mama hakulishona."

Benedikta alikuwa amesoma hadi kidato cha nne. Alikumbuka kwamba umeme ukipitishwa kwenye maji ya chumvi hutoa klorini, na maji hayo hung'arisha nguo. Akaazima betri ya trekta kwa jirani yao Selestini, akafunga nyaya kwenye misumari miwili, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Povu likapanda.

"Haya! Mnaona?" akajitapa.

Maji yakawa mazito, ya kijani, kisha ya kahawia. Hakukata tamaa. Akachuja, akachovya ncha ya mkono wa kushoto wa gauni ajaribu, akaitandaza juani. Lo! Ilipokauka ilikuwa imepiga kutu.

Monika akashika mdomo. "Dada, tuache. Utaliua lote."

Benedikta alijikasirikia mpaka masikio yakamwaka moto. Akautoa msumari uliokuwa upande wa chanya, akautazama. Ulikuwa umeliwa, umekonda. Hapo ndipo akaelewa: umeme ulikuwa unakula chuma, na chumvi ilibaki na klorini yake. Hata angeweka waya wa shaba, nao ungeliwa vilevile. Alihitaji kitu kisicholiwa upesi. Akakumbuka kile kijiti cheusi cha katikati ya betri ya redio, ambacho utotoni walichorea ukutani.

Betri za redio za mumewe, Marcelo, zilikuwa juu ya jiwe zinaota jua zipate nguvu ya mwisho.

"Hizo zina mpira wa Jumapili!" Marcelo akaruka.

"Mpira watakuhadithia. Gauni la mama halihadithiwi, Marcelo, linavaliwa."

Marcelo alinung'unika sana, lakini alizipasua yeye mwenyewe kwa jiwe, akatoa vijiti, akavifuta.

Chumvi ileile, betri ileile ya trekta, vijiti vyeusi tu mahali pa misumari. Povu likapanda tena, na safari hii maji hayakugeuka kahawia. Ikaja harufu kali, Nyanjige akapiga chafya, wote wakakohoa na kusogea upande upepo unakotoka. Benedikta akapondea zambarau kwenye kitambaa chakavu, akakichovya. Doa likafifia, likaisha.

Ndipo alipoogopa kweli. Alichovya kifua cha gauni. Madoa yakapauka, yakawa ya manjano, yakaondoka. Nyanjige akapiga vigelegele. Wakalisuuza mara nyingi.

Ila kutu ya mkono wa gauni haikutoka. Ilizidi hata kukolea. Benedikta akachukua mkasi akate ule mkono na kuunga kitambaa kipya. Monika akamshika.

"Uache, dada."

"Watu watasema! Mimi ndiye niliyeharibu."

"Kifua alishona mama, na hapa umeshika wewe. Mama simkumbuki, dada. Mimi ninayemkumbuka ni wewe. Nataka mnipeleke kanisani wote wawili."

Mkasi ukamponyoka Benedikta. Mbishi yule akauokota, akaurudisha sandukuni.

Jumamosi padre alipoomba mkono wa pete, Monika alinyoosha wa kushoto, kutu ikaonekana na kanisa zima. Nyanjige akamgusa Benedikta kiwiko. "Mbona hakulificha lile doa?"

"Ni langu, mayu," Benedikta akajibu, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta.