Mbuzi wa Kukataa

Mjukuu wangu Munyiva alitaka kuwa sista tangu utotoni. Alipomaliza fomu foo, mwaka wa tisini na sita, jioni tukichambua maharagwe nilikuwa namtania.

"Kitendawili!"

"Tega, susu." Ndivyo alivyoniita mimi bibi yake.

"Nimemwoza mjukuu, kuku wa mahari sijamwona."

"Sista!" Anacheka mpaka maharagwe yanamwagika.

Basi Sista Waithira akatoka kwenye nyumba ya watawa kuja kutuona. Akanywa chai, akasema msichana ni mzuri, ila shirika lao linataka wazazi wawe wamefunga ndoa kanisani. Mwanangu Maundu alikuwa na wake wawili: Kalekye, mama yake Munyiva, na Mueni wa Kithyoko, aliyemfundisha Munyiva rozari. Wote wawili walinipikia. Padre naye hafungishi ndoa ya mume wa wawili.

Kwetu Ukambani mke haachwi kwa mdomo tu. Baba yake akirudisha mbuzi wa kukataa, na mume akamfunga huyo mbuzi bomani kwake, ndoa imekwisha.

Hakuna aliyemwambia Mueni aende kwao Kithyoko. Alienda mwenyewe, akarudi akivuta mbuzi, mtoto mgongoni, baba yake nyuma amenuna.

"Mwaitu, mama yangu, mwambie Maundu apokee."

"Mueni, wewe ni mtoto wangu. Nitasema nini mimi?"

"Usiseme kitu."

Munyiva akatoka jikoni mbio. "Mama mdogo, sitaki!"

"Nyamaza! Sista mzima unapiga kelele kama kanga. Ukibaki hapa utaolewa na mlevi gani?"

"Baba, usimfunge!"

Maundu akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo, akishavunja chungu. Nikimwambia apokee, nimemfukuza Mueni. Nikimwambia akatae, nimemnyima Munyiva.

Maundu akamfunga mbuzi bomani. Mueni akaweka mtoto vizuri mgongoni, wakaenda na baba yake.

Ndoa ya Kalekye ilifungwa kanisani Novemba mwaka uliofuata. Vigelegele vilikuwa vichache, tena vya majirani. Kesho yake Munyiva akakunja nguo zake, akasema anaenda Kithyoko kumsaidia mama mdogo kulima. Nikamshika mkono. Akautoa polepole.

Januari Sista Waithira akaja na gari kumchukua.

"Munyiva yuko wapi?"

"Kithyoko, kwa Mueni. Amesema harudi."

"Lakini ndoa si ilifungwa?"

"Ilifungwa, sista," nikasema, nikamsogezea kiti.