"Shew" ya Mzee Adolfu

Mwalimu Hellena alifundisha Kiingereza katika sekondari moja karibu na Kaengesa. Siku moja, akisahihisha insha za kidato cha pili, aliona Justa ameandika "shew" badala ya "show", tena mara tatu. Akaliandika neno hilo ubaoni kama mfano wa kosa. Darasa likacheka.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Babu," Justa alijibu, macho kwenye dawati.

Babu yake, mzee Adolfu, aliishia darasa la nne. Ujanani aliwapikia mapadre, na mmoja wao alimwachia kitabu cha sala cha Kiingereza. Alijifunza humo peke yake, na kila jioni walisoma ukurasa mmoja na mjukuu wake. Justa alipomsimulia yaliyotokea, mzee alikifunga kitabu, akakirudisha sandukuni. Kesho yake hakukitoa.

"Babu, leo hatusomi?"

"Usije ukafeli kwa sababu yangu."

Hellena naye hakutulia. Ijumaa alifungua kamusi kubwa ya ofisini, akalikuta neno lile: tahajia ya zamani ya "show", siku hizi hutumika kwa nadra. Jumamosi akaenda kwa akina Justa, akamkuta mzee anapepeta ulezi uani.

"Shikamoo, babu. Mimi ndiye mwalimu wa Justa. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini tena?"

Hellena akaeleza. Mzee aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kitabu. Wakafunua pamoja. Neno lilikuwepo, karibu kila ukurasa.

"Soma nikusikie," Hellena alisema.

Mzee akasoma. Alipolifikia neno lile akatamka "shyuu". Hellena alisita kidogo, kisha akaona ni heri amwambie ukweli.

"Babu, linaandikwa hivyo, lakini linatamkwa 'shou', kama lile la kawaida."

Mzee alilitazama tena neno lile kitabuni. Kisha akacheka polepole, mabega yakitikisika.

"Basi miaka yote hii nimeandika sawa, nimesoma vibaya."

Jumatatu Hellena aliwaeleza wanafunzi kwamba aliyekosea ni yeye. Akawaonya kwamba kwenye mtihani waandike "show", maana msahihishaji anaweza asiijue ile nyingine. Justa akarudishiwa alama tatu alizokatwa.

Jioni ile mzee alivaa miwani na kumwita mjukuu wake. Walisoma kurasa mbili.