Suti Isiyomkaa Pindo

Mwenzangu, kaa nikusimulie kabla sijapasuka! Jana mama yake Pindo kaja kwenye karakana yetu ya ushonaji. Kabeba suti!

Pindo si unamjua, fundi mwenzetu aliyefariki juzi kwa nimonia. Alizaliwa wakamwita mtoto wa kiume, alipokua akasema yeye ni mwanamke, kwao wakamfukuza. Sisi tulimjua kama dada, basi. Sasa unafikiri macho yangu yalitulia? Chuo kimenipa diploma ya mavazi, umbea kimeniachia.

"Hodi, wanangu. Nimeambiwa alikuwa anafanya kazi hapa. Ndugu wameamua azikwe na suti hii ya kaka yake. Naomba mpunguze."

Pindo na suti?

"Vipimo vyake, mama?" nikauliza.

Akainamisha kichwa. "Sijamgusa mwanangu siku nyingi. Sijui alikonda, sijui alinenepa."

Sasa kwetu nguo haipunguzwi kwa kukisia. Inavaliwa na mtu, inabanwa pini, ndiyo inakatwa. Na mwenye mwili sawa na wa Pindo ni mmoja tu: Mkasi, fundi mkuu, naye mwanamke kama Pindo, mwenye safari ileile. Hao walikuwa wanajaribishiana kila nguo. Lakini Mkasi hajatia mguu kwenye nguo ya kiume tangu atoke kwao!

"Nipe," akasema.

"Dada, si lazima..." nikaanza.

"Kiherehere, nyamaza. Nipe."

Akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, we! Hereni kavua, mabega yameshuka. Mtu anayejaza chumba kwa maneno, sasa kama koti limetundikwa tu kwenye hanga. Nilitamani kujua anawaza nini, ila uso wake ulikuwa umefungwa kama duka lenye msiba.

Mama akachukua pini, akabana kiuno, akabana bega. Kisha akainua macho, akamtazama vizuri.

"Mbona umekuwa hivyo?"

"Hivyo vipi, mama?"

"Kama mtu anayetumikia adhabu."

"Ndivyo inavyokuwa. Mimi nitaivua sasa hivi. Pindo hataivua."



Mama akaanza kuzichomoa zile pini polepole. "Vua, mwanangu. Vua." Akakaa kwenye kiti, akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa anavaaje?"

Na hapo maswali yakafunguka kama bomba! Nani alimuuguza? Alikuwa bado anacheka mpaka anashika mbavu? Alijua kupika?

"Tulimuuguza kwa zamu," Mkasi akasema, hereni zimesharudi masikioni. "Kupika alijua chai, na hiyo chai nayo ilihitaji moyo."

Mama akacheka, machozi hayo.

"Na rangi?"

"Njano. Tena si ile njano ya heshima, mama. Njano ya kelele!"

"Hiyo kaitoa kwangu," mama akasema. "Nilivyokuwa msichana walikuwa wananisikia kabla hawajaniona."

Simu yake ikaita. Baba mdogo wa Pindo, sauti mpaka kwetu: "Suti iko tayari?"

"Haimkai."

"Si wapunguze!"

"Shemeji, nimesema haimkai. Nimemzaa mimi, nitamvisha mimi."

Akakata. Akaiweka simu mapajani. "Watanitenga," akasema.

"Basi utakaa na sisi," Mkasi akamjibu. "Kitanda kipo. Utulivu ndio hatuna."

Mimi nishapanda juu ya meza kushusha jora la kitambaa cha njano lililokuwa kwenye rafu ya juu kabisa. Mama akalishika, akalisugua katikati ya vidole, akalipeleka mwangani. Kisha akaivuta tepu shingoni kwangu bila kuomba.

"Haya Mkasi, simama wima nikupime. Mikono mirefu au mifupi?"

"Mifupi!" tukajibu wote wawili.