Sifa za Mkulagembe

Mbuga ile sasa ilimtia Masolwa kinyaa. Ndiyo, kinyaa, mbuga ya baba yake mwenyewe! Zamani, majani yakishakauka barabara, kabla ya mvua za kwanza, wafugaji waliichoma moto. Vichipukizi vya miti vikaungua, na mvua ikinyesha majani mabichi yakajaa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakahamishiwa karibu na stesheni ya Igalula, na moto ukapigwa marufuku. Miaka mitatu tu, mkulagembe ukatapakaa kote. Mti gani huo! Ukikata shina moja, mizizi inakutolea kumi. Ng'ombe walirudi na vidonda vya miiba, vidonda vikaingia funza, na mbung'o waliojificha humo wakawamaliza wengine. Kati ya ng'ombe kumi na wanne walibaki watano, wananuka usaha.

Masolwa akaenda kwa Modest, mwenyekiti wa kijiji, kuomba ruhusa ya kuchoma.

"Shikamoo, mzee. Vumilia mpaka Jumanne," alisema Modest. "Wageni wa wilaya wanakuja kukagua kampeni ya kupanda miti. Waambie ile mikulagembe tumeipanda sisi. Wakishaondoka, choma utakavyo."

"Tumeipanda? Uchafu ule?"

"Mzee wangu, miche tuliyoletewa imekufa yote. Niwaonyeshe nini? Ukisema wewe mwenye mvi, hawatabisha."

Uongo huo ulinuka kuliko vidonda vya ng'ombe. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Masolwa akakubali.

Jumanne, Bwana Misitu na wenzake walisimama pembeni mwa kichaka. Hakuna aliyethubutu kuingia, maana miiba haijui cheo. Bwana Misitu aliujua vizuri mti ule, ila naye alikuwa na ripoti ya kuandika. Modest akamsukuma Masolwa mbele.

"Tumeupanda kwa mikono yetu," alisema Masolwa. Watu wakapiga makofi. Naye akapiga.

Bwana Misitu alifurahi mno. Papo hapo akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo huo ni msitu wa kijiji: marufuku moto, marufuku shoka, marufuku mifugo. Na mlinzi wake awe mzee huyu, maana ana uchungu nao!

Masolwa akamtafuta Modest kwa macho. Modest alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyumbani mkewe, Apolinaria, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatema mate chini, akaingia ndani.

Kulipokucha Masolwa alifungua zizi. Ng'ombe wakashika njia ya mbuga kama kawaida yao, kwani majani machache yaliyosalia yalikuwa humo humo kati ya miiba. Akakimbia kuwazuia. Jike mkongwe hakuelewa. Aliinamisha kichwa, akataka kupita. Masolwa akamchapa fimbo ya uso, pale pale penye kidonda, mpaka akageuka.