Kicheko cha Joss Birkett

"Huyo anakuja tena," Dinah Garth alisema, akichungulia dirishani. "Hana kondoo, hana shamba, kutwa kuuliza mto una kina gani. Mpelelezi huyo; Wafaransa wanamlipa, nakwambia."

Tamar Birkett aliendelea kuchana sufu. Tangu mumewe Joss asombwe na mto akivusha kondoo, Bwana Ashby, mshairi aliyepanga nyumba kule ng'ambo ya ziwa, alikuwa haishi kuja kumwuliza habari za marehemu. Tamar hakuwa amelia, hata siku ya mazishi. Ila jambo moja lilimkera: mgeni huyo huingia na uso wa matanga, akatoka akipiga mluzi.

"Kwa hakimu utakwenda kumshtaki?" Dinah aliuliza.

"Akiondoka tu."

Ashby aliingia, kofia ikichuruzika maji. Kabla hajaketi, Tamar akamkabili.

"Leo huulizi wewe, Bwana. Msiba wangu una utamu gani?"

"Hauna utamu, Bi Birkett."

"Mbona ukitoka hapa unapiga mluzi?"

Masikio ya Ashby yakawa mekundu. "Sikujua kama napiga."

"Muongo!" Dinah alidakia, tayari amejitanda shali kwenda kwa hakimu.

"Soma ulichoandika," Tamar akasema. "Tusikie unachotuibia."

Akasoma. Tamar alitarajia kusikia habari za maiti. Badala yake akamsikia Joss siku ya kukata manyoya, amelewa, amepanda mgongoni mwa kondoo dume, anaamuru wanawake wampishe mfalme. Kisha dume lile likamtupa kwenye pipa la lami ya kutilia kondoo alama, naye akatoka amenata manyoya mwili mzima, akimtaka mkewe busu.

Tamar akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikampasuka. Akacheka hadi akajishika mbavu, na humohumo sauti ikageuka, wala mwenyewe hakujua ilipogeukia. Akalia kama mtu anayetapika.

"Umemfanya nini?" Dinah alifoka.

"Mwache." Tamar alijifuta kwa aproni, akamkazia Ashby macho mekundu. "Wewe bado sikuamini. Mto umeuweka wapi?"

"Mstari unaofuata."

"Karibu hivyo na kicheko?"

"Nilijaribu kuutenga. Kila nikiutenga, Joss hachekeshi tena."

Tamar alimpima kwa macho, kama mnunuzi mnadani.

"Haya. Soma. Na nikiona unatabasamu, nakutoa kwa mjeledi."

Ashby aliinamia karatasi, akaanza kusoma mstari wa mto. Dinah, shali lingali mabegani, akavuta kigoda taratibu, akaketi.