Kilengeo Kinachoanza na Nne

Ukitaka kujua kama bunduki ya kale ya Kijerumani ni ya vita au ya kuwindia, usihangaike na maandishi. Maandishi hufutika, na mengine hufutwa na watu wenye sababu zao. Tazama kilengeo cha nyuma, kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya mtutu. Cha mwindaji ni kifupi, kina vibati viwili vitatu vya kuinua na kulaza: hiki cha mita mia, hiki cha mia mbili, basi. Mwindaji hana haja ya kumpiga swala aliye wilaya nyingine. Cha askari wa zamani ni kirefu, kina mashavu mawili yaliyopinda, na namba zake zinaanza na nne, yaani mita mia nne, kwa kuwa wakubwa wa jeshi lile hawakutarajia adui asogee karibu zaidi ya hapo. Alisogea, na wakubwa hawakuwepo kumwona.

Mambo haya Binti Jicho alifundishwa na baba yake, fundi bunduki ambaye mji mzima ulimwita Jicho. Sasa binti mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na mbili, na miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza. Alifanya kazi katika ghala la makumbusho. Kazi yake ilikuwa kutambua silaha na kuziandikia kadi, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani.

Jumanne asubuhi aliletewa bunduki kutoka ghala la askari wa wanyamapori, pamoja na karatasi ya ripoti ya miaka thelathini na minne iliyopita. Ripoti ilikuwa fupi. Askari alimfyatulia mbogo kwa hatua hamsini, akamkosa, mbogo akamrudia. Askari alifariki hospitalini. Mwishoni palikuwa na sentensi moja: mlengaji alidhaniwa kuwa amelewa.

Akaigeuza. Mtutu mwembamba, kitako chenye uvimbe wa kuegemeza shavu: bunduki ya kuwindia, hakuna ubishi. Lakini juu ya mtutu kilikaa kilengeo kirefu cha vita, chenye mashavu yake, na namba ya kwanza ilikuwa nne. Mtu alikuwa amekibadilisha. Akavaa miwani ya kusomea, akatazama skrubu mbili zilizokishika. Mifereji ya skrubu zote mbili ilielekea mbele sawasawa, ikiufuata mtutu. Katika maisha yake alimjua fundi mmoja tu aliyejisumbua kuzilaza skrubu hivyo, baba yake. Akaketi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukweli ambao mji haukuujua ni kwamba Jicho, miaka yake ya mwisho kazini, alikuwa haoni vizuri. Ukungu ulimwingia machoni, naye akauficha, maana nani atampelekea bunduki fundi kipofu? Binti yake ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea namba, alimchagulia vipuri, na siku ya majaribio baba alifyatua risasi tatu, kisha binti akaenda kwenye ubao wenye karatasi ya shabaha kutazama zilipopiga, akarudi na jibu.

Siku ya bunduki hii aliikumbuka. Kilengeo chake kilikuwa kimevunjika, na katika droo hakikubaki cha kuwindia hata kimoja. Baba akasema watafunga hiki cha vita, na kama majaribio yataonyesha kimezidi urefu watapandisha na kile kidogo cha mbele, kilicho mdomoni mwa mtutu. Askari mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mtu mpole, akisubiri. Baba akafyatua mara tatu. Binti akaenda kwenye ubao na hakukuta tundu hata moja. Karatasi ilikuwa safi. Akajua, au alidhani amejua, kwamba macho ya baba yamekwisha kabisa, na kwamba akilisema hilo mbele ya mteja, jioni mji mzima utakuwa umelisikia. Basi akachomoa kalamu nyweleni, akatoboa karatasi mara tatu, katikati. "Zote ndani, baba!" Baba akacheka kwa furaha hata binti akamwonea huruma.

Kumbe baba alilenga sawa. Leo, na bunduki mezani, hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto: kilengeo cha nyuma kimeinuka, cha mbele kimebaki chini, mlengaji akivilinganisha mtutu unainua pua. Risasi zote tatu zilipita juu ya ubao.

Alikuwa bado ameketi pale mlinzi alipomwingizia mgeni, mama mmoja mzee, mwembamba, viatu mkononi kwa kuogopa kuchafua sakafu.

"Karibu, mama. Vaa viatu vyako, hapa vumbi letu ni jingi kuliko lako."

"Ahsante, mwanangu. Sikai sana. Nilisikia kwa askari kwamba bunduki ya mume wangu inaletwa huku, mtaiweka watu waitazame." Akaiona mezani, akatazama pembeni. "Nina ombi moja. Hiyo kadi mtakayoandika. Msiandike pombe. Nina wajukuu, wanajua kusoma."

Binti Jicho angeweza kusema ndiyo, na mama angeondoka ameridhika. Ingekwisha. Jina la baba lingebaki lilivyo, na lake mwenyewe pia. Alilitaka jambo hilo kwa nguvu zake zote, na aliona aibu kulitaka.

"Mama, keti kwanza," akasema. "Mume wako hakukosea. Bunduki ndiyo iliyokosea."

Akamweleza yote bila kuruka kitu: macho ya baba, karatasi safi, kalamu. Mama alisikiliza, mikono mapajani, wala hakulia.

"Nionyeshe," akasema.

Bunduki ilikuwa tupu. Binti Jicho akaifunga kwenye jiliwa la mezani, kile chuma cha kubania vitu, akailenga kwenye kitasa cha mlango upande wa pili, akamwambia mama atazame juu ya vilengeo. Mama akainama, akafumba jicho moja kwa kidole.

"Naona kitasa."

"Umelenga vizuri. Sasa njoo nyuma." Akachomoa komeo la bunduki, lile linaloufunga mtutu kwa nyuma, akamwonyesha tundu la mtutu lilikotazama. Ndani ya ule mduara mdogo wa mwanga hakukuwa na kitasa. Kulikuwa na ubao mtupu wa mlango, juu ya kitasa.

Mama alitazama muda mrefu. Aliporudi kitini alikuwa amechoka kuliko alivyoingia.

"Nisamehe, mama. Niandike nini? Nitaandika jina langu na la baba. Nitaandika lolote utakalosema."

"Andika unavyojua, mwanangu. Wewe ulikuwa mtoto, ulimhurumia baba yako." Akavivaa viatu vyake polepole, kimoja, kisha kingine. "Hakufa siku ile, ujue. Alikaa siku tatu. Kila akizinduka ananishika mkono: mke wangu, nililenga begani mwa mbogo, naapa sikuonja kitu, nililenga begani. Nami nikamwambia nyamaza, usife na uongo mdomoni."

Binti Jicho akaisogeza ile ripoti kando.

"Siku ya tatu," mama akasema, "alinyamaza."